Nusu Debe Chini ya Mrija

Kambi ya wapima ardhi, juu ya Sanya Juu
12 Februari 1951

Baba yangu mpenzi, Salehe Mfaume, fundi bati wa Majengo,

Shikamoo. Mimi na Ally tu wazima, ila meno yetu yanagongana. Nikitaka kumkaribisha mgeni natoa "ka-ka-karibu", hadi Kornelia, mke wa askari wa msitu, ambaye ndiye jirani yetu wa pekee huku, ananicheka mpaka anakaa chini. Yeye ni mzaliwa wa milimani, baridi ni ndugu yake. Mimi ni mtoto wa Majengo.

Nina nyumba mpya. Bwana mpima amepata nyumba ya mbao huko kwenye mashamba ya ngano, na lile gari alilokuwa akilala ndani yake amemwachia Ally, alale humo na kuvilinda vyombo vya kupimia. Wakati wa vita lilikuwa gari la kubebea majeruhi. Lina kitanda, kabati, dirisha moja, na jiko la chuma la kupashia joto linalowaka kwa mafuta ya taa. Mwanamke gani mwingine Moshi nzima anaweza kumwambia mumewe, "Sogeza nyumba kidogo, jua linaniunguza"? Ila jua lenyewe silioni.

Shida yangu ni tangi. La zamani lilifungwa nje, ukuta wa nyuma, juu kidogo ya usawa wa jiko, ili mafuta yashuke yenyewe kwa mrija. Kutu imelimaliza. Ukiligusa linamwaga unga. Jiko zima, mrija mzima, tangi hakuna, na sisi tunalala na soksi mikononi.

Nitengenezee tangi, baba. Nimepima nafasi kwa shubiri: mbili na vidole vinne kwa upana, mbili kwenda juu, nusu shubiri kutoka ukutani. Nataka liingie debe zima. Ally anasema jiko hili hula chupa moja na nusu kwa usiku, kwa hiyo debe litatufikisha siku kumi na tano.

Sehemu hii ya mwisho si yako, wewe ni posta tu. Mwambie Shangazi Adija kwamba nina mzigo, unakwenda vizuri, na utatuliwa mwezi wa tano Mungu akipenda. Mwambie nasubiri neno lake. Yeye atajua.

Binti yako,
Mwantum


Majengo, Moshi
19 Februari 1951

Mwanangu Mwantum,

Marahaba. Barua imefika na alama ya kidole chenye mafuta pembeni. Nimeijua kuwa yako kabla sijaifungua.

Shubiri! Miaka kumi na minane nimekulea katika karakana yenye futi tatu za chuma za kupimia zilizotundikwa ukutani, leo unanipimia kwa shubiri kama muuza kamba. Bahati yako shubiri yako naijua. Ni inchi saba na nusu. Nilikupima siku ile uliyokuwa ukinishikia bati la paa la msikiti, ukaniambia mkono wako umekua kuliko wa mwalimu wako.

Ally alilete gari mwisho wa mwezi. Tangi nitalikata katika bati la pipa, si bati la debe, maana la debe litatoboka kwa mtikisiko. Nitalehemu mara mbili. Mdomoni nitaweka chungio la waya, na kwenye kifuniko nitatoboa tundu la sindano, kwa sababu tangi lisilopumua halitoi mafuta.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani, yaani mara ya kwanza. Dirisha liacheni wazi vidole viwili hata kama baridi inauma. Jiko la mafuta hula hewa kabla ya kula mafuta. Na msinunue mafuta ya madukani huko, yanachanganywa na maji na jiko litakohoa. Mafuta yakiisha teremkeni hapa, niyachuje mwenyewe na kujaza mwenyewe. Kifuniko nitakikaza kwa spana. Asikifungue mtu.

Tena teremkeni wote wawili. Gari ndiyo nyumba yako, na nyumba haisafiri ikamwacha mwenyewe.

Shangazi yako nimemfikishia ujumbe. Anakusalimu sana.

Mimi baba yako,
Salehe Mfaume


Kambini
10 Machi 1951

Baba yangu,

Shikamoo. Tangi limefika na Ally kaliendesha hilo gari kutoka Moshi kama aliyebeba mayai. Nililitazama mpaka jua likazama. Lehemu yako imenyooka kama mstari wa daftari. Kornelia alipitisha kidole akauliza, "Limeunganishwa wapi?" Nikamwambia kwa baba yangu huulizi hilo.

Usiku wa kwanza nilivua soksi za mikononi. Usiku wa pili nilivua za miguuni. Usiku wa tatu Ally alisema anasikia joto, nikamwambia aitubie kauli hiyo upesi. Kornelia sasa anakuja kila jioni na nguo zake mbichi, anazianika juu ya kabati letu, tunapiga soga mpaka zinakauka. Anasema hata kanisani kwao hakuna joto la namna hii. Dirisha tunaliacha wazi vidole viwili, vya Ally, ambavyo ni vinene kuliko vyangu.

Lakini baba, usiku wa saba jiko limezimika! Tulikubaliana kumi na tano. Nimenusa kila kiungo, hakuna kinachovuja. Ally atateremka na gari juma lijalo ulijaze tena kama ulivyoagiza, na mimi nitalala kwa Kornelia. Ndiyo, najua, ulisema wote wawili. Barabara inarusha sana.

Hapana, nitasema kweli, si barabara. Posta, fikisha tena. Shangazi ananisalimu tu? Hakuna neno jingine? Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Mama hayupo, Mungu amrehemu, kwa hiyo wa kuniita ni shangazi. Siwezi kujitokeza mlangoni kwenu nikiwa hivi nilivyo bila kuitwa, tena mbele yako. Nafahamu alitaka niolewe na mwanawe Kasimu, nikamchagua Ally. Kama bado ana kinyongo, aniambie nijue nitazalia wapi. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Samahani baba kwa kukuandikia haya. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Mwantum wako


Majengo, Moshi
17 Machi 1951

Mwanangu,

Marahaba. Niliposikia honi Jumatano nilitoka nje na kanzu yangu ya Ijumaa. Ally akashuka. Nikangoja mlango wa pili ufunguke. Ally akasema, "Yuko kwa Kornelia, baba, anakusalimu." Nikarudi ndani nikavaa nguo za kazi.

Tangi nimelijaza Ally alipokwenda kuswali. Halina kasoro. Baridi ya huko ndiyo inayokula mafuta. Siku saba si mbaya kwa mahali kama hapo. Ally amekunywa chai barazani, hakutaka kuingia ndani, akamwamkia shangazi yako akiwa amegeuza uso kama mkwe mwenye adabu. Nampenda kijana huyo, ingawa anakunja kona na mguu juu ya mafuta. Nimeusikia huo mwendo tangu njia panda.

Yakiisha tena teremka wewe mwenyewe, uone tangi linavyojazwa. Bado mvua haijakolea.

Shangazi yako anakusalimu sana, na sana.

Baba yako,
Salehe Mfaume


Kambini
2 Aprili 1951

Baba,

Shikamoo. Leo sina utani.

Mvua imenyesha tangu tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita. Daraja la mto chini ya Sanya limechukuliwa na maji, hakuna lori linalopanda wala kushuka. Barua hii mume wa Kornelia ataibeba kwa miguu mpaka ampate mtu wa kumpokea. Jiko lilizimika usiku wa saba, kama desturi yake. Tukakaa siku kumi na moja bila moto. Kuni zimelowa, hata tulizoziweka chini ya gari. Ally alinivika koti lake, juu ya koti akanifunika turubai la kufunikia vyombo vya bwana mpima, nami bado nilitetemeka. Nikashikwa na kikohozi.

Yafuatayo nakuandikia wewe, kwa kuwa shangazi hataki kuyasikia. Kwa siku mbili mtoto hakucheza tumboni. Naam, mtoto. Nimechoka kumwita mzigo. Nilikaa nimeshika tumbo nikingoja. Nililia, baba. Kornelia alinikanda mgongo kwa mikono yake huku akimwomba Mungu kwa Kichagga, na Ally alisimama nje kwenye mvua kwa sababu hakujua asimame wapi.

Jana mchana nilitoka na kijiko nikaligonga tangi. Sikuwa nikitafuta chochote. Nilikuwa na hasira, nikataka kupiga kitu ulichokitengeneza wewe. Juu likalia ngo, ngo. Nikapiga chini yake, likasema du, du. Umesahau ni wewe uliyenifundisha kusikiliza mapipa? Nilikuwa na miaka saba, ukinifumba macho niseme mafuta yamefika wapi.

Ally akafungua kifuniko. Nikatumbukiza kijiti, kikatoka kimelowa hadi nusu. Nusu debe ya mafuta safi, ambayo wewe uliyachuja kwa mkono wako, yalikuwa pale siku zote kumi na moja, upande wa pili wa ukuta ninaolalia. Mdomo wa mrija umeuweka katikati ya kimo cha tangi, si chini. Yaliyo juu yake yanashuka jikoni. Yaliyo chini yake hayatoki kamwe.

Fundi mwingine ningesema amekosea. Wewe ulivunja pishi kumi na mbili za kupimia nafaka ulizokwisha kuzilehemu kwa sababu moja ilizidi kijiko cha chai. Kwa hiyo umefanya kusudi, na mimi nimekesha nikiuliza kwa nini. Kazi ya namna hiyo hata mteja anayekutukana hujampa. Kama shangazi hanitaki nyumbani, na wewe umeamua kusimama upande wake, ungeniandikia tu, baba. Mbona kusoma najua.

Usihofu, moto tumepata. Nilikumbuka kwamba mafuta hukaa juu ya maji. Nikakinga maji ya mvua kwa bakuli, nikayamimina tangini polepole, maji yakaenda chini, mafuta yakapanda mpaka mdomoni mwa mrija. Kila jioni nitaongeza bakuli moja. Jana saa kumi jioni jiko liliwaka. Wakati wa magharibi mtoto alipiga teke, mara mbili.

Mwantum


Majengo, Moshi
3 Aprili 1951

Mwanangu, mwanangu Mwantum,

Leo asubuhi dereva wa lori la mbao amesema barabara ya Sanya imekatika tangu juma la juzi na hakuna aliyeshuka. Niliacha chuma cha kulehemu motoni kikaungua mpini. Barua hii naipeleka kwa mkono wa Elimringi, msimamizi wa wapasuaji mbao, anayepanda kwa miguu kufuata watu wake. Ameapa ataifikisha hata kama ataivusha mto kwa meno.

Kwanza la kufanya, halafu la aibu.

Tangi halijaisha. Lina nusu debe chini. Ally apandishe magurudumu ya kulia juu ya magogo, gari liinamie kushoto, upande ulipo mrija, mafuta yatafika mdomoni mwake. Fanyeni hivyo kabla hamjamaliza kusoma.

Sasa la aibu. Mrija niliuweka katikati kwa kusudi. Nilitaka mafuta yaishe upesi ili gari literemke kila juma, na wewe uwe ndani yake. Nikajidanganya kwamba ile nusu ya chini ni akiba, kwamba siku ya shida nitakuambia. Siku ya shida imefika na kuna mto katikati. Tangu asubuhi naona tangi lile mbele ya macho yangu na wewe umelala kando yake ukitetemeka. Mikono hii imetengeneza ndoo za nusu ya Majengo na hakuna hata moja iliyowahi kumdhulumu mtu. Nimekudhulumu wewe.

La pili ni baya zaidi. Shangazi yako hajui kusoma wala kuandika. Mkono wake ni mimi. Februari nilipomsomea barua yako alilia kwa furaha, akaniambia andika hivi: "Mwanangu, njoo nyumbani mapema kabla ya mvua. Uzalie katika chumba cha mama yako. Nitakukanda mimi, nitakupikia mimi, siku arobaini hutagusa hata kijiko." Nilishika kalamu nikaitia wino. Mwanamume kumwandikia binti yake habari za kuzaa! Baba yangu mimi, siku mama alipokuwa na uchungu wa kumzaa Adija, alikwenda kukaa sokoni na alipoulizwa anafanya nini huko alisema anatafuta jembe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikaandika: anakusalimu sana. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika.

Machi akasema tena, na akaongeza kwamba ya Kasimu ameyasahau, Kasimu mwenyewe ana mke na kitambi. Nikaandika: anakusalimu sana, na sana. Hiyo "na sana" ndiyo yote niliyoweza. Naye amekuwa akingoja majibu yako, hayaji, akanuna. Anasema kabinti kamepata mume mwenye gari kameota pembe. Nimekaa katikati yenu, nimekula maneno ya huyu na ya yule, posta ya aina gani hiyo? Leo mchana nimemwambia Adija ukweli. Ameniwekea chakula mlangoni kama paka.

Mimi nakutaka nyumbani. Tangu uolewe karakana hii ina kelele za nyundo tu. Sikujua namna ya kulisema, nikalisema kwa bati. Nalisema sasa kwa wino, na uso wangu unawaka hapa nilipokaa: njoo uzalie nyumbani, Mwantum.

Baba yako asiye na la kujitetea,
Salehe


Kambini
29 Aprili 1951

Kwa Shangazi yangu Adija binti Mfaume, Majengo,

Shikamoo shangazi. Barua hii ni yako. Baba atakusomea kwa sauti, na nimemwekea masharti: asiruke neno, asikohoe mahali pa kusoma, wala asiseme hapa mwandiko haueleweki. Mwandiko wangu alinifundisha yeye. Mwite jirani yetu Sikudhani, aliyesoma shule, akae nyuma yake akitazama karatasi.

Ameanza? Haya.

Shangazi, barua ya baba ilinifikia baada ya siku kumi na moja, imelowa, Elimringi ameifunga katika jani la mgomba. Niliisoma mara moja nikacheka, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikamsomea Kornelia. Kornelia akasema mababa wa mjini na wa mlimani wamefinyangwa kwa udongo mmoja. Juma lililofuata ikaja barua nyingine ya baba, ya mstari mmoja tu: "Nimesoma yako, sili, niandikie anacheza." Shangazi, mlishe. Anacheza. Anacheza mpaka bakuli la uji linaanguka tumboni kwangu ninapolipumzisha hapo.

Baba, soma hilo la tumbo, usiliruke.

Shangazi, tumbo langu ni kubwa hata sioni miguu. Miguu yenyewe imevimba, navaa viatu vya Ally. Kiuno kinauma upande wa kushoto, na mtoto akigeuka naona kisigino chake hapa ubavuni, ki-ki-ki, anasukuma kama anayetafuta mlango. Naogopa kuzaa. Sijamwambia Ally, maana anaogopa zaidi yangu. Nataka mkono wako mgongoni siku hiyo na nataka sauti yako, hata ukinigombeza. Mimi nilidhani hunitaki. Wewe ulidhani nimeota pembe. Nisamehe kwa kununa kwangu, nami nakusamehe kwa kununa kwako, yaliyobaki tumdai posta.

Na baba nimemsamehe. Asome hilo pia: baba nimekusamehe. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Siku mbili zile sitazisahau, na wewe usizisahau, ili siku nyingine ukiwa na neno useme neno. Ila magogo yako sikuyahitaji. Njia yangu ya maji ya mvua ni bora, na najua ulipoisoma ulitabasamu kwanza kabla ya kusikitika. Usibishe.

Daraja wamelitengeneza. Ally amepewa ruhusa. Alhamisi tarehe kumi Mei tutateremka na nyumba yetu nzima, polepole, na ninakuja kuzalia nyumbani. Majuma mawili au matatu nitakuwa nimebakiza, kwa hesabu yangu. Baba akitaka, atungoje pale Bomang'ombe penye maduka, tumchukue tuingie Moshi pamoja.

Sasa baba akunje karatasi, anywe maji.

Mwanao,
Mwantum


Bomang'ombe
10 Mei 1951, alasiri

Kwa dada yangu Adija,

Utingo wa basi atamkabidhi Sikudhani karatasi hii. Sikudhani, binti yangu, msomee dada kama ilivyo.

Tumepata mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima.

Nilifika hapa saa mbili asubuhi. Kwenye saa sita gari likaja, likasimama vibaya, nusu barabarani, na Ally akaruka nje akiwa hana kiatu kimoja. Alinionyesha mlango wa nyuma tu. Nikamsikia Mwantum ndani, na sauti hiyo, Adija, niliijua. Ndiyo sauti ya mama yake siku ile alipomzaa. Hesabu yake ya majuma matatu ilikuwa ya shubiri.

Leo hapa ni siku ya soko. Watu walikuwa wengi, wa mlimani na ndizi zao, Wamasai na ng'ombe wao, wenye maduka, makarani wa ofisini. Nilisimama katikati yao na kanzu yangu ya Ijumaa, nikatafuta neno la adabu. Mzigo. Mgonjwa. Safari. Nikasikia akilia tena, nikapiga kelele: "Mwanangu anazaa! Binti yangu Mwantum anazaa ndani ya gari! Nani anajua kuzalisha?" Nilipiga mara tatu. Watu waligeuka wote. Mwenye duka la nguo alidondosha jora. Mzee mmoja wa rika langu alitazama chini kwa ajili yangu.

Mama mmoja muuza ndizi, Tabitha, Mlutheri wa Machame, akaacha ndizi zake chini bila mlinzi, akasema, "Mimi. Maji moto yako wapi?" Akapanda na wenzake wawili. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na Ally kalowa, nikamwambia awashe jiko, dirisha vidole viwili. Mrija nimepanga kuushusha chini kabisa tutakapofika nyumbani. Kwa leo mafuta waliyoongeza kwa ajili ya safari yalikuwa juu ya mdomo wake, yakatosha.

Sikwenda kukaa sokoni kama baba yetu. Nilisimama nje nimeweka kiganja ukutani mwa gari. Mwantum aliniita, "Baba, upo?" Nikasema nipo. Akaita tena baada ya muda, na tena, nami kila mara nikasema nipo, kwa sauti, watu wakisikia. Mara ya mwisho si yeye aliyelia.

Unajua mimi siingii chumba anacholala binti yangu na mumewe. Hata siku ya kufunga tangi Ally ndiye aliyetoboa ukuta kwa ndani, mimi nilibaki nje. Tabitha akafungua mlango akasema, "Babu, panda." Nikamtazama Ally. Ally akanishika mkono akanipandisha mwenyewe.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda chao ninapoandika haya. Mtoto yuko mapajani mwangu, nimeegemeza karatasi kwenye kabati, ndiyo maana mistari imepinda. Ana uzito wa kama ratili sita, sijampima, nimekadiria kwa mkono. Mama yake amelala. Kabla hajalala alisema shangazi asikasirike kwamba hakungoja kufika nyumbani, nikamwambia hakuna atakayekasirika.

Tabitha anasema wasitikiswe leo. Kesho asubuhi tutakuja polepole. Tandika chumba, Adija. Mtoto nitamwingiza mwenyewe mikononi.

Kaka yako,
Salehe